Wokmani ya Tundu Moja

Mwaka ule wa themanini na sita, aliyepita mbele ya duka la Hiram pale Kisumu alizoea kusikia cherehani mbili zikienda kama moja. Apiyo na Adongo, mapacha wa Mama Perez wa Katito, walishona sare za shule kwenye baraza ya duka hilo, kando ya barabara inayoteremka hadi stendi ya mabasi. Walikanyaga pamoja, walinyamaza pamoja, na mtu akifumba macho angedhani yuko fundi mmoja tu mwenye haraka zake.

Kilichowaongoza kilikaa wazi kati yao, juu ya kigoda: wokmani ya zamani, nzito kama nusu mche wa sabuni, yenye matundu mawili ya kuchomekea hedifoni. Kila pacha alikuwa na hedifoni zake na tundu lake, na kanda ikawa moja. Waliimba bila kujua kwamba wanaimba kwa sauti, na wapita njia waliosimama kuwacheka waliishia kupimwa kaptula.

Wokmani hiyo waliinunua kwa Hiram mwenyewe, ambaye watu walimwita Baba Gakenia kwa jina la bintiye wa kwanza. Alikuwa ametoka Murang'a akiwa kijana, akafungua duka la redio, pasi na mawe ya tochi, na Kijaluo chake kilitosha kutaja bei na kutoa pole. Kwa kuwa alileta wokmani hiyo moja tu na ikachukuliwa na pacha, mtaa mzima uliijua wokmani kupitia kwao. Ukimwuliza mtu wokmani ni kitu gani, angekwambia ni kaseti ndogo ya watu wawili.

Kisha ikazeeka. Ilianza kuburuta sauti, wanawake wakawa wanaimba kama wanaume, wanaume kama ng'ombe. Dishon, fundi wa redio wa mtaa wa nyuma, aliifungua, akaitazama, halafu akaifunika taratibu kama anayemfunika marehemu uso. Wiki hiyo hiyo Hiram akapokea mpya, boksi zima, akazipanga ndani ya kabati la kioo ambapo zilimeremeta kama samaki waliotoka majini.

Watu wakaja kuziona. Benta, mama wa samaki aliyekuja kila wiki na magunia yake kutoka Luanda Kotieno, aliweka moja kiganjani, akaipima, akauliza kama ipo ya watu wazima. Simiyu, kijana wa Obunga aliyeuza kanda kwenye kikapu, aliipachika kwenye mshipi, akatembea nayo mpaka kona na kurudi, akasema sasa mwanamume anaweza kutembea na bendi nzima kiunoni na polisi wasimwulize leseni. Mzee Zadock, mstaafu wa reli ambaye alishinda kwenye benchi la Hiram akisoma gazeti la mtu mwingine, alitaka kujua sauti inatokea wapi ili watu wengine waisikie. Alipoambiwa haitokei popote isipokuwa masikioni, akauliza, kwa upole kabisa, majirani watajuaje kwamba mtu amenunua kitu.

Lakini wote, mmoja baada ya mwingine, waliigeuza chini juu, wakaikagua mbavuni kama mtu anayemtafuta mbuzi kupe.

"Tundu la pili liko wapi?" Mzee Zadock akauliza kwa niaba yao.

Hiram akaeleza. Hii ni ya kisasa. Wameipunguza mpaka imekuwa kama boksi la kanda yenyewe. Inajigeuza: upande wa kwanza ukiisha inalia tik, inaingia upande wa pili bila kuguswa, na upande wa pili ukiisha inarudi ule wa kwanza, hivyo hivyo mpaka mawe yaishe. Ina pia kitufe cha kuzidisha besi. Tundu la pili limeondolewa, maana walioitengeneza walichunguza, wakaona watu husikiliza peke yao.

"Watu gani hao?" Mzee akauliza.

Hiram akafuta kioo cha kabati kwa kiwiko.

Apiyo alikuwa amesimama mlangoni na futi shingoni. Yeye aliyetoka tumboni kwanza ndiye aliyetangulia pia kutamani vitu, na kitu hiki alikitamani tangu alipokisikia kikilia tik. Kilichomzuia si tundu peke yake, bali mama yao. Mama Perez alikuwa mtu wa kanisa, shemasi kabisa, lakini katika suala la pacha hakuwa na mzaha. Pacha huishi kwa usawa. Tangu walipozaliwa, Apiyo hakupewa ndizi ambayo Adongo hakupewa, wala gauni, wala jina la utani. Mmoja akichapwa, mwingine naye aliitwa aje achapwe, na hawakuona ajabu. Mmoja akizidiwa, Mama Perez alisema, mwili wake ndio utakaolalamika, maana mdomo utamwonea haya mwenzake.

Basi wakatafuta njia yao, na kwa kuwa walikuwa washonaji, njia ikapita kwenye sindano. Walikubaliana na Hiram wamshonee mapazia ya nyumba nzima, wakachukua wokmani moja. Adongo akamwomba Dishon akate ule utepe wa chuma unaoshika kichwa, sponji mbili za masikioni zikabaki zinaning'inia kila moja kwenye waya wake. Sponji ya kushoto wakaishonea ndani ya kitambaa cha kichwa cha Apiyo, ya kulia ndani ya kitambaa cha Adongo, vitambaa vyenyewe vikiwa vya gora moja la bluu. Wakasogeza cherehani zikakaribiana. Simiyu akawauzia kanda mpya ya bendi moja iliyorekodi Nairobi, nyimbo za Kijaluo. Wakafunga vitambaa, wakabonyeza.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, cherehani zilipishana.

Apiyo ndiye aliyegundua. Mguu wake ulikuwa unakwenda na gitaa, gitaa tamu, jepesi, na ngoma nyuma yake. Lakini Adongo alikuwa akisita katikati ya mshono, akitabasamu, kisha akikanyaga haraka kufidia. Mara akaangua kicheko.

"Unacheka nini?"

"Anavyomwambia mumewe."

"Nani?"

"Si huyu mama." Adongo akaashiria sikio. "Anamwambia arudi alikolala, akachukue na viatu vyake."

Apiyo akasikiliza tena. Gitaa. Ngoma. Kwa mbali sana, labda, mtu kama anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Mwanamke hakuwepo. Akadhani pacha wake anamtania, na Adongo naye, alipoulizwa juu ya gitaa, akasema gitaa gani, akadhani ni yeye anayetaniwa. Wakashona hivyo wiki nzima, kila mmoja amenuna kidogo. Siku ya nne mteja akarudisha suruali ya mwanawe. Mguu mmoja ulikuwa umeshonwa na mwenye mwendo mwingine.

Jumamosi Mama Perez akaja mjini na mboga za kuwaletea. Akasimama barazani, akasikiliza cherehani kabla ya kusalimu.

"Mmegombana?"

Wakakana. Akawaamuru wabonyeze kile kitu. Kisha akamwuliza kila mmoja, kwa utaratibu wa mtu anayemhoji mtoto kuhusu sukari iliyopungua, anapata nini. Apiyo akasema anapata gitaa na ngoma. Adongo akasema anapata mwanamke na wanaomwitikia.

"Na maneno? Wewe Apiyo hupati hata neno?"

"Sipati, Mama."

Mama Perez akafunga kanga yake vizuri, akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu Adongo akaamka na homa.

Daktari wa zahanati alisema ni malaria na akatoa vidonge, na Mama Perez akampa binti yake vidonge hivyo bila kukosa hata kimoja, maana hakuwa mjinga. Lakini malaria, alisema, iko siku zote, imejaa kila mfereji wa Kisumu. Kwa nini imchague huyu aliyenyimwa gitaa, wiki hii? Akamfungasha Adongo na blanketi, akampeleka nyumbani Katito. Akiwa mlangoni akamgeukia Apiyo.

"Nyathina, mwanangu, mwenzako atarudi hapa siku nitakayojua kwamba kitu hicho hakiwabagui. Nikikosa kujua, atashonea nyumbani."

Apiyo akabaki na cherehani mbili na miguu miwili. Hakuwahi kushona peke yake. Alipokanyaga, sauti ilitoka nyembamba, na aliponyoosha mkono kutaka mkasi, mkasi haukuja. Angeweza kumrudishia Hiram ile wokmani, na alilifikiria hilo. Lakini mama yake hakusema kiondoke. Alisema anataka kujua. Na Apiyo mwenyewe alitaka kujua, kwa sababu kulikuwa na wazo lililomkaa kifuani ambalo hakumwambia mtu: huenda kifaa hakibagui hata kidogo. Huenda sikio lake ndilo lililopungua, na kwa kuwa hawajawahi kupungukiwa kwa zamu, wakawa si pacha tena kama zamani.

Kitambaa cha Adongo kilikuwa kimeachwa juu ya cherehani yake. Apiyo akavua chake. Akavaa cha pacha wake, sponji ikakaa kwenye sikio la kulia. Akabonyeza.

Mwanamke alikuwepo. Aliimba karibu kabisa, na alikuwa mkali, na kweli alikuwa akimtuma mtu viatu.

Apiyo akasikiliza wimbo mzima akiwa ameshika ukingo wa meza. Kwanza alifurahi kwamba sikio lake ni zima. Halafu akawaza kwamba labda kifaa kimejua kitambaa cha nani ni kipi. Halafu akajicheka, akaona kwamba mtu akiwa peke yake anaweza kufikiri lolote, akainuka kutafuta watu.

Mzee Zadock alikuwa kwenye benchi lake. Benta alikuwa amefika na magunia. Apiyo akawaketisha kwenye viti vya cherehani, akamfunga Mzee kitambaa chake cha bluu na Benta cha Adongo. Mzee akalalamika kwamba miaka yote ya reli hakuwahi kuvalishwa kilemba cha kike, lakini hakukivua. Wapita njia wakaanza kusimama.

"Mzee, unasikia nini?"

"Gitaa. Kijana huyo anajua kazi yake."

"Na mwanamke?"

"Mimi sina mwanamke hapa."

"Mimi ninaye," Benta akasema kwa sauti ya kuita boti, kama wasemavyo wote walioziba sikio. "Na yeye hana shida na wewe, Mzee. Ana shida na mume wake."

Watu wakacheka. Ubishi ukazuka. Mmoja akasema kifaa kinawapa wanawake wanawake na wanaume gitaa. Mwingine akasema kinasoma umri. Simiyu, ambaye kanda ilitoka kikapuni mwake na aliogopa kurudishiwa, akasema bendi hiyo ndivyo ilivyo, haipatani. Apiyo akasubiri wamalize. Akawabadilisha vitambaa, akairudisha kanda mwanzo, akabonyeza. Sasa Mzee ndiye aliyenyanyua nyusi.

"Yupo," akasema. "Kumbe alikuwa ameketi upande ule."

Hiram akatoka dukani akiwa na kitambaa cha kufutia kioo mkononi. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba mashine zake zinagawa watu, na jambo kama hilo likifika soko la Kibuye, basi boksi lake lote litarudi Nairobi. Akamwuliza Apiyo, kwa sauti ya chini, kama anataka kumfungia duka. Apiyo akamwomba atoe tu moja ya zile zake mpya kabatini, yenye utepe wa chuma ambao haujakatwa. Hiram akasitasita, akaileta. Yeye mwenyewe, ikaonekana, hakuwahi kuivaa. Aliijaribu kila mara kwa kuinua sponji moja sikioni, kuhakikisha inalia, na kuirudisha.

Apiyo akatoa kanda kwenye ile ya kwanza, akaitia kwenye mpya, akavaa sponji zote mbili, kushoto na kulia.

Gitaa likaja upande wake. Mwanamke akaja upande wake. Halafu vikakutana, si kwenye sikio hili wala lile, bali katikati ya kichwa, mahali ambapo hapana sikio. Wimbo mzima ulikuwa umesimama pale, mkubwa kuliko kifaa, mkubwa kuliko baraza. Akaangalia watu waliomzunguka, midomo yao ikienda bila sauti, akaelewa. Kifaa hakikumjua Apiyo wala Adongo. Kilijua masikio mawili tu, na kilidhani masikio mawili ni ya kichwa kimoja. Ile ya zamani ilimpa kila pacha masikio yake mawili, ndiyo maana hawakuwahi kugundua lolote. Hii walikuwa wameipasua wao wenyewe, kwa mkasi wa Dishon na uzi wao wa bluu.

Akamvisha Hiram. Baba Gakenia akasimama vile mpaka wimbo ukaisha, akiwa ametazama barabara, na mteja aliyetaka balbu akaondoka bila kuhudumiwa.

Siku ya soko Apiyo akapanda basi la Katito na wokmani na vitambaa viwili. Alimkuta Adongo amekaa uani akichambua maharagwe, amekonda kidogo lakini macho yameng'aa, na mama yao akimwangalia kama anayechunga sufuria ya maziwa. Apiyo akaeleza yote: kushoto na kulia, Mzee na kilemba chake, Benta, katikati ya kichwa. Mama Perez akasikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo hakibagui mtu," Apiyo akamaliza. "Kinagawa masikio. Na dawa yake ni rahisi. Kikifika mwisho wa upande kinalia tik. Kikilia, tunabadilishana vitambaa. Mimi nakuwa na mwanamke, yeye gitaa. Sawasawa."

Mama Perez akafikiri, huku vidole vyake vikiokota maharagwe mabovu kutoka kwenye ungo wa Adongo.

"Upande wa kwanza, wewe una gitaa."

"Ndiyo."

"Kinalia. Upande wa pili, yeye ana gitaa."

"Ndiyo, Mama."

"Kinalia. Kinarudi upande wa kwanza, zile nyimbo za kwanza. Mmebadilishana tena. Gitaa la nyimbo zile liko kwa nani?"

Apiyo akahesabu kwa vidole.

"Kwangu," akasema.

"Basi yule mama wa viatu hutamsikia maisha yako yote. Ni kubagua kulekule, ila sasa kuna na kengele."

Adongo akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Kilikuwa kicheko kizima, cha mtu aliyepona, na Apiyo akakipokea kama vile amepewa mkasi mkononi. Lakini mama yao hakucheka. Alikuwa bado anakitazama kile kitu.

"Huko katikati ya kichwa ulikosema," akauliza, "kukoje?"

Apiyo akamsogelea, akamshikia sponji ya kushoto kwenye sikio moja, Adongo akainuka na kushika ya kulia kwenye jingine, kila mmoja na kitambaa chake, mama katikati. Wakabonyeza.

Mkono wa Mama Perez wenye haragwe bovu ukabaki hewani. Baada ya muda akaanza kutikisa kichwa polepole, kama afanyavyo kanisani mahubiri yanapomkuta. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika kwa majirani wa pande zote mbili:

"Amwache na viatu vyake. Hana faida."

Kuku wakakimbia. Mapacha wakashika sponji zao na kubana midomo.

Waliposhusha sponji, mama yao alikuwa na hukumu tayari. Kitu hiki kimetengenezwa kwa kichwa kimoja, na wao si kichwa kimoja. Hata yeye aliyewabeba alijua hilo tangu wakiwa ndani, maana walimpiga mateke kwa zamu. Kumpa mmoja ni kumnyima mwingine. Kuwapasulia ni kuwanyima wote. Lakini kilichopewa mama wa pacha kimewafikia pacha wote wawili, na hapo hakuna aliyezidiwa.

"Kwa hiyo kitabaki wapi?" Adongo akauliza, ingawa alikwisha kuona.

"Nishoneeni masikio haya kwenye kitambaa kimoja," Mama Perez akasema. "Kile cheusi cha kanisani."

Wakamshonea jioni ile ile, na asubuhi Adongo akapanda basi pamoja na pacha wake.

Habari za Katito ziliwafikia Kisumu kupitia kwa wasafiri. Mama Perez, walisema, amekuwa na maringo. Anapita sokoni, mtu anamsalimu, haitiki. Anatikisa kichwa tu na kuendelea na safari zake, na mara nyingine anajibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza. Benta naye alichukua ya kwake, akamwambia Hiram kwamba ameona faida ambayo walioitengeneza hawakuiona: wanunuzi wakianza kulia juu ya bei ya samaki, anavaa. Hiram akaanza kumvisha kila mteja sponji zote mbili kabla ya kusema neno, na boksi halikurudi Nairobi.

Barazani hapakuwa na wokmani tena. Siku ya kwanza pacha walishona kimyakimya, na cherehani zilitafutana bila kupatana. Siku ya pili Adongo, akiwa anapinda ukosi, akaanza kumwimba yule mama wa viatu, maneno yote, na ukali wake. Apiyo alikuwa na mguu kwenye kanyagio. Gitaa alilijua lote. Wiki nzima halikuwa na mwenzake sikioni. Akalitoa kwa midomo, tiri-tiri-tii, na ngoma akaiachia cherehani. Walikosea mara ya kwanza walipofika kiitikio, kwa sababu Apiyo hakujua kwamba pale pana kiitikio. Wakarudia.

Mzee Zadock akakunja gazeti. Hiram akatoka nje ya duka, akatazama juu ya kigoda, akatazama chini ya meza.

"Hiyo ni modeli gani?" akauliza.

"Ile ya matundu mawili, Baba Gakenia," Apiyo akasema, na asisimamishe mguu.